Kocha Aliyetaka Kuitwa Afande

Katika miaka yote niliyomjua, sikumwona akikimbia hata siku moja. Aliwakimbiza wengine. Yeye alisimama katikati ya kiwanja, miguu ameitanua, mikono nyuma, filimbi mdomoni, tumbo limemtangulia kidogo kama mgeni asiyepiga hodi, na vijana wakamzunguka kwenye vumbi mpaka mashati yakawaganda mgongoni. Kisha alikuja kwenye hoteli yangu, akavuta kiti cha plastiki kilicho karibu na mlango, akasema amechoka.

Hoteli yenyewe ni banda la mabati na meza chache, ng'ambo ya kiwanja kile, upande wa Garissa unaoteremka kuelekea mto Tana. Napika anjera, zile chapati zetu za maji, maini ya mbuzi na chai ya maziwa. Sikuwahi kumchunguza mtu huyu kwa kupenda. Lakini mtu akikupigia filimbi mlangoni kila alfajiri kwa miaka, utamjua tu, kama unavyomjua jogoo wa jirani.

Vijana walimwita Afande kwa sababu ndivyo alivyowaamuru. Mimi nilimwita Kocha, na nilijua kwamba jina hilo linamuudhi. Kazi yake ilikuwa kuwaandaa kwa siku ya kuandikisha makurutu, siku ambayo maafisa huja kiwanjani, huwavua vijana mashati, huwakagua meno na nyayo, huwakimbiza, kisha huchagua wachache kati ya umati. Huku kwetu siku hiyo ni sikukuu na msiba kwa pamoja. Kijana aliyemaliza kidato cha nne, hana ngamia, hana duka la baba, hana mjomba ofisini, amebaki na miguu yake. Kocha aliishi kwa miguu hiyo.

Alidai aliwahi kuwa askari. Wapi na lini, jibu lilimfuata muulizaji. Madereva wa malori aliwaambia alilinda mpaka, na walimu aliwaambia alifundisha wakufunzi. Hakuna aliyemwamini, hata vijana wenyewe, na hakuna aliyejali. Alikuwa na buti nyeusi alizozipiga rangi mpaka zikawa kioo, na katika mji wa vumbi kama wetu mtu mwenye buti za kung'aa husikilizwa kwanza, maswali yakaja baadaye, au yasije kabisa.

Aliwafundisha kwa Kiswahili ingawa yeye na wao wote walikuwa Wasomali. Alisema afisa hatakuuliza jina lako kwa Kisomali. Hapo alikuwa na akili, nakubali. Ila Kiswahili chake kilikuwa cha huku kwetu, p imekuwa b na v imekuwa f, na kiwanja kizima kikajifunza kunguruma kwa pamoja, "Bumzi! Bumzi! Maumifu ni rafiki!" Mimi nililelewa Malindi kwa shangazi yangu, kwa hiyo nilikuwa nikicheka peke yangu jikoni.

Msemo wake mkubwa ulikuwa kwamba mwili ni punda. Ukiubembeleza, utalala njiani na mzigo wako. Aliurudia kwa kila kundi jipya kana kwamba ameufikiria asubuhi ile. Siku moja nilimuuliza kama amewahi kumiliki punda. Akasema hapana. Nikamwambia wenye mikokoteni ya maji wanajua jambo moja asilolijua yeye, kwamba punda anayepigwa sana hafiki haraka, hufa katikati ya barabara, na mwenyewe akabeba madumu kichwani. Akacheka, akaomba anjera nyingine.

Kula alikula. Vijana aliwakataza sukari, mafuta, soda, hata chai ya pili. Yeye alitia sukari mpaka kijiko kikasimama, na alizungumzia nidhamu ya tumbo huku maini yako mdomoni. Kijana mmoja jasiri aliitazama sahani ile kwa muda mrefu kupita kiasi. Kocha akamwambia, bila kuacha kutafuna, kwamba yeye alishalipa zamani. Kijana akainamisha kichwa kwa heshima. Hilo ndilo lililokuwa likinichosha zaidi ya uongo wenyewe: alivyopewa msamaha kabla hajauomba.

Mwaka mmoja alihamishiwa kwetu karani wa serikali, Mkamba mnene, mpole, mwenye sauti ya kanisani. Daktari alimwambia shinikizo la damu limepanda, afanye mazoezi. Maskini akadhani mtu wa mazoezi ni kocha. Kocha alifurahi kama fisi aliyeona mbuzi kilema. Alimfunga kamba kiunoni, kamba akaifunga kwenye tairi la lori, akamwambia avute mpaka mwisho wa kiwanja na kurudi. Vijana waliamriwa wamcheke, na asiyecheka aliongezewa mizunguko. Karani alifika kwenye ua wa miiba, akainama, akatapika. Kocha akapiga makofi, akatangaza kwamba huyo ni shetani wa ufifu anatoka.

Karani alikuja kwangu kunawa uso. Aliketi na taulo kichwani, akanywa maji, akasema, "Dada, mimi nilitaka kupunguza tumbo. Sikutaka vita."

Hakurudi kiwanjani. Lakini jioni nilianza kumwona kwenye barabara ya daraja, kofia kichwani na kifimbo mkononi, akitembea polepole, peke yake, mwezi baada ya mwezi, mpaka suruali zikaanza kumpwaya. Nilimuuliza Kocha kwa nini hampongezi mtu aliyepungua vile. Akanitazama kama niliyesema tusi.

"Abaayo," akasema, na kwetu neno hilo ni dada, "kutembea hata mbuzi anatembea."

Sijasahau jibu hilo. Mtu alipona bila kuumia mbele ya macho yake, na kwake hilo halikuwa kupona.

Watu wa mji wanapotaka kumsifu husimulia siku aliyomzika mama yake. Alitoka makaburini moja kwa moja mpaka kiwanjani, udongo bado kwenye buti, akapuliza filimbi kwa wakati uleule. Wanasimulia huku wakitikisa vichwa, kwamba huo ndio moyo. Mimi nilikuwa matangani siku hiyo na sinia ya chai mikononi. Niliwaona dada zake wamekaa kwenye mkeka, wakimuulizia kila mara. Nikaona mtu aliyekikimbia chumba ambacho ndani yake hakuwa na la kuamuru, akaenda mahali anapotiiwa. Kama kuna siku alikimbia, ni hiyo.

Mwezi wa Ramadhani alihamishia mazoezi saa ya mwisho kabla ya futari, koo zikiwa zimekauka kama ngozi ya ngoma. Imamu wa mtaa alikuja kumwambia dini haikuomba hayo. Kocha alimsikiliza mkono kifuani, akakubali kila neno, akambusu bega. Kesho yake aliwapeleka vijana nyuma ya vichaka vya mtoni, ambako imamu haoni.

Ila kuna jambo moja lazima nimpe, maana ukimdharau mtu uzuri ni umdharau kwa haki. Miguu ya vijana aliiosha mwenyewe. Walipopata malengelenge aliomba beseni langu na maji ya vuguvugu yenye chumvi, akachuchumaa mbele yao kwa shida, akatoa miiba kwa sindano aliyoipitisha kwenye moto, akizungumza nao kwa sauti ya chini ambayo kiwanjani haikusikika kamwe. Vijana ambao baba zao hawakuwashika tangu walipoachishwa ziwa walikaa pale wamefumba macho. Nilisimama mlangoni pa jiko na sikujua dharau yangu niiweke wapi. Kisha alikausha mguu, akaupiga kofi dogo, akasema, "Kesho mguu huu uko mbele." Nikajua niiweke wapi. Anayenoa panga pia hulishika kwa upole.

Sasa nije kwa Yusuf.

Yusuf ni mdogo wangu wa mwisho. Baba alikwisha fariki, na Hooyo, mama yetu, alibaki Wajir na mifugo michache aliyonayo, kwa hiyo Yusuf alikulia kwangu tangu alipoanza shule. Alikuwa mrefu, mwembamba, wa kuangalia chini anapoongea. Alipomaliza kidato cha nne alinisaidia hotelini huku tukisubiri jambo ambalo hata sisi hatukulijua ni lipi. Asubuhi moja alimpelekea Kocha chai. Kocha hakuitazama chai, alimtazama Yusuf kuanzia unyayo mpaka paja, akasema miguu ile inaoza kati ya sufuria. Kesho yake Yusuf alikuwa kiwanjani.

Alibadilika, na mabadiliko yale niliyapenda, sitayaficha. Aliamka bila kuamshwa. Alisimama wima. Mteja akimuuliza kitu alijibu kwa sauti iliyofika mezani. Nilimwambia Hooyo kwa simu kwamba mtoto amepata mgongo.

Kila mwaka, wiki ya mwisho kabla ya maafisa kuja, Kocha aliiita wiki ya moto. Mwaka wa Yusuf jua lilikuwa kali kuliko kawaida, mbuzi walilala chini ya malori mchana kutwa. Kocha aliwapeleka vijana mtoni adhuhuri, kila mmoja na dumu la mchanga begani, kupanda na kushuka ukingo, na juu ya ukingo kuchuchumaa na kuinuka na dumu lile mpaka filimbi ilie. Filimbi haikulia upesi. Maji alikuwa nayo yeye, kwenye kivuli, na aliyeyaomba alihesabiwa ameshindwa.

Yusuf alirudi akitembea kama aliyefungwa mbao mapajani. Misuli ilikuwa imevimba na kukaza mpaka ngozi inang'aa. Aliniambia, kwa haya, kwamba mkojo wake umekuwa mweusi kama kahawa, na kwamba amemwuliza Afande, naye amesema ni sumu inatoka. Nilimkataza kwenda tena. Aliondoka nikiwa sokoni kununua nyama.

Walimleta vijana wenzake kwenye mkokoteni wa punda, akitapika, uso umevimba. Hospitalini daktari alikuwa msichana mpole aliyenieleza taratibu, akinishika mkono. Misuli inapolazimishwa kupita mwisho wake kwenye joto bila maji, alisema, huvunjika, na taka zake huingia kwenye damu na kuziba figo. Figo za Yusuf zilikuwa zimesimama. Wakamfunga kwenye mashine ya kusafisha damu. Hooyo alifika kutoka Wajir na vumbi la safari usoni, akakaa kando ya kitanda akisoma Kurani kwa midomo tu, kwa kuwa sauti ilikuwa imemwisha. Hapakuwa na mtu wa kutuambia kama ataishi. Waliniambia tungoje tuone kama mkojo utarudi, na mimi, mwanamke mzima, nikawa naomba Mungu usiku na mchana kwa ajili ya mkojo.

Kocha alikuja siku ya tatu au ya nne. Nilisikia buti zake kwenye varanda kabla sijamwona. Alimsalimia Hooyo kwa adabu zote, akamwombea mgonjwa dua, kisha akasimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma. Nilingoja aseme pole. Nilikuwa tayari hata kuipokea.

Akamwuliza Yusuf, "Ulimaliza?"

Yusuf midomo ilikuwa imepasuka na mirija iko shingoni. Akasema, "Nilimaliza, Afande." Na akatabasamu, yeye ambaye tangu alipolazwa hakuwa amemtabasamia hata mama yake.

Kocha aliitikia kwa kichwa mara moja, akamgusa paji la uso, akaondoka.

Nilimfuata mpaka nje. Nilimwambia maneno ambayo mwanamke hamwambii mwanamume aliyemzidi umri, na watu wa varandani wakageuka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hakumlazimisha mtu, kiwanja hakina lango, na kwamba kati ya wote mdogo wangu ndiye pekee ambaye hakuomba maji. Alilisema hilo la mwisho kama zawadi. Niliona kwamba hanidanganyi wala hajitetei. Aliamini kweli ameniletea kitu kizuri. Mpaka siku hiyo nilimdhania tapeli, na tapeli unaweza kumwelewa. Huyu alikuwa mjinga mwenye imani, na imani yake ilikuwa imelala pale ndani na mirija shingoni.

Mkojo ulirudi, alhamdulillahi. Ulirudi kidogo kidogo, na kila chupa iliyotolewa chini ya kitanda Hooyo aliitazama kama maziwa. Figo zilirudi lakini si kwa nguvu zote, daktari alisema, na Yusuf akaambiwa asibebe vizito, anywe maji kila mara, asimeze dawa za maumivu ovyo. Maafisa walikuja na kwenda akiwa bado kitandani. Kati ya vijana wa Kocha walichukuliwa watatu, na mji mzima ulizungumza habari za watatu hao. Waliporudi likizo kwa sare walikwenda kumpigia saluti kiwanjani mbele ya watu, na jioni ileile kina baba walimletea wana wengine. Kwangu nilimkataza Kocha kukanyaga. Akawa anakunywa chai kwa jirani, kiti kimegeuzwa upande wetu.

Yusuf sasa ana kibanda cha kutengeneza simu karibu na soko. Ana mke na binti mdogo. Afya yake si mbaya akijitunza. Tumeishi vizuri, ila jambo moja hatuliongei. Nililiongea mara moja tu, siku niliyomsikia akimsifu Kocha mbele ya wateja. Nilimwuliza anawezaje. Alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa, bisibisi mkononi, na alijibu bila kuinua macho.

"Abaayo, wewe ulinipenda nilivyo. Yeye aliona mwingine."

Nilikwenda nyumbani nikapika, nikaunguza.

Baadaye kiwanja kilizungushiwa ukuta, pakajengwa maduka, na Kocha akahama. Wengine walisema yuko Takaba, wengine Habaswein. Sikuuliza. Asubuhi zikawa kimya, na nilishangaa ilivyonichukua muda kuzoea.

Mwaka jana nilikwenda Wajir kwenye harusi ya binamu yangu. Basi lilisimama Habaswein, abiria wakashuka kuswali na kunywa chai. Mbele ya duka moja la jumla lilisimama lori la mizigo, na kwenye kivuli cha duka, kwenye kiti, nikamwona. Amezeeka. Ndevu amezitia hina, buti zimekwisha, amevaa kandambili. Kijana wa miaka kama ishirini, mwenye sura yake ileile na mwili laini wa mtu anayekula vizuri, alikuwa amejitwika gunia la sukari kutoka kwenye lori.

Kocha aliinua mkono. Akamwambia kwa Kisomali, kwa sauti ya beseni na maji ya chumvi, aliweke chini, wapo wapagazi, jua ni kali na ataumia mgongo. "Kaa hapa, aabe," akamwambia, kama baba anavyomwita mwanawe, akamsogezea chupa ya maji. Kijana akakaa, akanywa.

Ningeweza kurudi kwenye basi. Nilivuka barabara, nikamsalimia. Alinitambua mara moja, akanikumbuka kwa maini, akayasifu, akasema Habaswein yote hakuna anayejua kuyapika. Alifurahi kuniona, na furaha ile haikuwa na doa lolote. Tuliongea habari za mji, ukuta wa kiwanja, nani amekufa. Dereva akapiga honi ya kwanza. Nikamwambia Yusuf yu mzima, ana binti.

Akakunja uso, akitafuta. "Yusuf yupi? Walikuwa wengi."

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Nikasema, yule wa hospitali. Akaitikia kwa kichwa polepole, kwa adabu, kama mtu anayekubali asichokikumbuka ili asimvunje mgeni moyo. Akasema masha'Allah, Mungu amkuze mtoto. Kisha akamgeukia mwanawe kumwuliza kama ameshiba.

Kwenye basi nilitunga yote ambayo ningemwambia, kutoka Habaswein hadi Wajir, na harusini, na njiani kurudi. Yalikuwa maneno mazuri. Hayana kazi tena.

Niliporudi Garissa nilipitia kibandani kwa Yusuf kumpa zawadi za Hooyo. Habari zilikuwa zimenitangulia, maana mwanamke mmoja wa mtaani alikuwa kwenye basi lile. Yusuf alipanga zawadi juu ya meza, akanishukuru, akaniuliza harusi, akaniuliza mvua ya Wajir. Akachukua kitambaa, akaanza kufuta kioo cha simu ambacho kilikuwa safi.

"Nasikia ulimwona Afande," akasema. "Aliniulizia?"

Alikuwa ameuliza kwa wepesi sana, kama anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua. Lakini mkono wenye kitambaa ulikuwa umesimama.

"Alikuulizia," nikasema. "Hata kabla sijakaa. Akasema hajawahi kupata mwingine kama wewe."

Yusuf aliitikia kwa kichwa, akarudia kufuta. Alikuwa amenyoosha mgongo. Nami nikatoka nje kwenye jua, nimemdharau mzee yule kuliko siku zote, kwa kuwa sasa hata wema wake nimelazimika kumfanyia mimi.